Anko wa Kadi anajibu: Poka ya vifuniko vya soda

Toleo lililopita niligusia tu kidogo kwamba Jumapili jioni hapa kwangu Kisumu tunacheza poka na majirani kwa vifuniko vya soda, hakuna shilingi mezani, basi maswali yakamiminika kutoka Kondele mpaka Lanet. Nimeyasoma yote. Mengi yanafanana kwa hivyo nimechukua haya, na yale yanataka maelezo marefu nimeyapa marefu.

Anko, mimi poka nimecheza tangu darasa la sita na huku kwetu hakuna mtu hunishinda. Lakini Desemba binamu yangu alikuja na vidude vya rangi, akaniambia ati kile sisi hucheza sio poka. Nani yuko sawa?
Kijana wa Kondele

Wote mko sawa kijana wangu, ni jina moja limepewa michezo miwili. Poka yetu ya mtaani, ile ya "niko kadi", ni mchezo wa kumaliza kadi mkononi. Unafuatisha namba ama alama ya kadi iliyo chini, ukitupiwa mbili unaokota mbili, tatu unaokota tatu, joka unaokota tano, jeki inamruka mtu, kingi inarudisha zamu, nane na kwini ni swali lazima lijibiwe, na eisi inakuokoa usiokote. Kila mtaa na sheria zake ndogo ndogo, wengine wanagawa nne wengine tatu, na ugomvi mwingi hutoka hapo.

Ya binamu yako inaitwa Texas Hold'em, na bunge la jimbo la Texas kule Marekani lilitambua mji mdogo wa Robstown mwaka 2007 kuwa ndiko ulikozaliwa. Huko hakuna kumaliza kadi. Unapewa mbili tu, zako peke yako, alafu kadi tano zinafunguliwa katikati ya meza, hizo ni za kila mtu, na wewe unaunda mkono wa kadi tano bora kutoka kwa hizo saba. Majoka yote mawili unayatoa, mnabaki na kadi 52. Eisi haina uchawi wowote, ni kadi kubwa tu, na alama zote nne ni sawa, shupaza haishindi kopa, uru haishindi pau.

Kitu utabeba kutoka poka ya mtaani ni yale macho yako. Ukiwa umezoea kukumbuka nani alikosa kopa akaokota, uko mbele ya watu wengi sana wenye wanaanza leo, manake hata huku kazi kubwa ni kukumbuka mwenzako alifanya nini dakika mbili zilizopita.

Nieleze raundi moja inaendaje kutoka kugawa mpaka mtu achukue, polepole, usiruke kitu. Nimejaribu kutazama video lakini wanaongea haraka.
Fundi simu, Nakuru

Sawa fundi. Badala ya kukusomea sheria nitakuambia raundi moja ya Jumapili iliyopita venye ilienda, utaziona sheria ndani.

Tulikuwa watu sita, kila mtu na vifuniko 100. Mbele ya mtu mmoja kunakaa alama ya kuonyesha yeye ndiye dila, yaani mgawa kadi, sisi tunatumia kijiko, na hicho kijiko kinasonga kushoto mtu mmoja kila raundi. Kijiko kilikuwa kwa jirani yangu wa boda. Kushoto kwake mtu akaweka kifuniko kimoja, hiyo ni blaindi ndogo, na anayefuata, ambaye ni mimi, nikaweka viwili, blaindi kubwa. Hizo unaweka kabla hujaona kadi hata moja. Lazima ziwekwe, juu bila hizo kila mtu angekaa hapo usiku mzima akingoja eisi mbili na mchezo haungeanza.

Kadi mbili mbili zikagawiwa, zimefunikwa. Anayeongea kwanza ni yule wa kushoto kwa blaindi kubwa na ana njia tatu: atupe kadi zake, afuate vile viwili, ama apandishe, na akipandisha isiwe chini ya vinne. Wa kwanza akatupa. Wa pili, mwalimu mmoja wa sekondari, akapandisha mpaka 6. Wa tatu akatupa, boda akafuata kwa 6, blaindi ndogo akatupa, mimi nikatupa. Vifuniko vyangu viwili vikabaki mezani, huwezi kuvirudisha. Poti, yaani vifuniko vyote vilivyowekwa katikati, ikawa na 15.

Sasa dila anafungua kadi tatu kwa pamoja, hiyo ni flopu. Zikatoka kingi, nane na tatu, alama tofauti tofauti. Kuanzia hapa anayeongea kwanza ni mtu wa kwanza kushoto kwa kijiko ambaye bado yuko kwa mchezo, kwa hivyo ni mwalimu. Kama hakuna mtu ameweka kitu unaweza kupita bila kulipa, lakini yeye akaweka 8. Boda akafuata. Poti 31. Ikafunguliwa kadi ya nne, inaitwa tani, ikawa tano. Mwalimu akaweka 15 na boda, bila haraka, akapandisha mpaka 40. Mwalimu akafikiria sana, akajaziliza. Poti 111. Kadi ya mwisho ni riva, ikatoka mbili. Mwalimu akapita. Boda akasukuma vyote alivyobaki navyo, 46, na mwalimu akaangalia ile meza karibu dakika nzima alafu akatupa.

Boda akachukua 111 na hakuwa na lazima ya kuonyesha kadi, manake ukibaki peke yako poti ni yako hata kama ulikuwa na takataka. Ni pale watu wawili ama zaidi wamefika mwisho na kulipa sawa ndipo kadi zinafunguliwa. Lakini alituonyesha kwa heshima: nane mbili, kwa hivyo na ile ya flopu alikuwa na nane tatu. Mwalimu alikuwa na kingi na kwini, jozi ya kingi. Watu wakamhurumia ati ameshindwa. Mimi nilimpongeza nikamwambia wewe ndio umecheza vizuri kuliko sisi wote leo, juu kutupa jozi ya kingi ukiwa umeshaweka 54 ndani inauma, na yeye aliokoa 46 zake.

Anko, mimi huchanganya kati ya flashi na streti, ni gani inashinda? Na kuna njia ya kushika hii orodha bila kukariri?
Msusi, Kakamega

Flashi inashinda streti, dada yangu, na njia ya kushika ni kujua kwa nini. Mkono wenye ni ngumu kupatikana ndio mkubwa, hakuna siri ingine. Kadi 52 zinaweza kuunda mikono ya kadi tano 2,598,960 tofauti. Kati ya hiyo, flashi, yaani tano za alama moja, ni 5,108. Streti, tano zinazofuatana kama 6-7-8-9-10, ni 10,200, karibu mara mbili ya hizo. Kwa hivyo flashi ni adimu zaidi, kwa hivyo iko juu.

Ukianzia chini kabisa ni mkono hauna kitu, unahesabu kadi yako kubwa tu. Juu yake jozi moja, alafu jozi mbili, alafu tatu sawa kama zile nane za boda, alafu streti, flashi, na fulu hausi ambayo ni tatu sawa pamoja na jozi, hizo ziko 3,744. Nne sawa ziko 624. Streti ya alama moja ziko 36, na ile kubwa ya mwisho kabisa, kumi mpaka eisi za alama moja, ziko nne tu, moja kwa kila alama. Mimi miaka yote nimecheza hiyo sijaishika mkononi.

Jambo moja la kuongeza, eisi kwa streti inaweza kukaa juu ya kingi ama chini ya mbili, lakini haiwezi kuwa katikati. Kwini-kingi-eisi-mbili-tatu sio streti, hata mtu akilia.

Anko shida yangu ni flashi. Nikipata pau mbili mkononi na flopu iko na pau mbili zingine, siwezi kutupa, nalipa tu nikingojea ile moja, na karibu kila siku inakataa. Ni bahati mbaya ama nakosea?
Mwenye duka, Bungoma

Kaka, hili ndilo swali nilikuwa nangoja, na nikiwa na nafasi ya kujibu moja tu ningejibu hili. Sio bahati. Na nakuelewa kabisa, manake mimi wakati bado nacheza kwa pesa nililipa mia tano, mia tano, mara tatu usiku mmoja nikikimbiza flashi, elfu moja mia tano ikaenda, na ilikuwa ya gesi ya nyumbani. Nilirudi nikamwambia bibi ukweli na wiki hiyo tulipika kwa makaa. Nilidhani nimekosa bahati kama wewe. Baadaye ndio nikakaa na kalamu.

Wewe ni mfanyabiashara, hesabu hii utaishika haraka kuliko mimi. Kila alama ina kadi 13. Wewe unaona pau nne, mbili zako na mbili za meza, kwa hivyo zimebaki 9. Kadi ambazo hujaziona ni 52 toa tano unazoziona, ni 47. Kati ya hizo 47, tisa zinakusaidia na 38 zinakukatalia. Hiyo haitabadilika hata ukiomba.

Sasa tuseme poti ina 40, mwenzako ameweka 20, poti imekuwa 60, na wewe kuona kadi ijayo lazima ulipe 20. Chukulia hii kitu imerudiwa mara 47 na kila kadi imetoka mara moja. Mara 38 unapoteza 20, hizo ni 760. Mara 9 unachukua 60, hizo ni 540. Umepungukiwa 220. Huyo ni mteja anakununulia sukari kwa bei ya chini kuliko ulivyoinunua, na wewe unamwambia karibu tena kesho.

Lakini badilisha kitu kimoja. Poti ni ile ile 40, mwenzako ameweka 10 tu. Unalipa 10 upate 50. Mara 38 unapoteza 380, mara 9 unapata 450, umebaki na faida ya 70. Kadi ni zile zile, pau ni zile zile, kilichobadilika ni bei. Kwa hivyo usijiulize "nitapata flashi?", jiulize "naiuziwa pesa ngapi?", na kama bei ni mbaya unatupa hata kama roho inakataa.

Mezani huwezi kutoa karatasi uanze kuzidisha, kwa hivyo watu wanatumia njia ya mkato. Hesabu kadi zenye zitakusaidia, zidisha kwa mbili, hiyo ni karibu asilimia ya kupata kwa kadi moja ijayo. Tisa mara mbili ni 18, hesabu kamili ni 19 na kitu. Kama umeshaweka vyote ndani na zimebaki kadi mbili kufunguliwa, zidisha kwa nne, utapata 36 na hesabu kamili ni kama 35. Streti yenye iko wazi pande mbili, kama una 6-7-8-9, inasaidiwa na kadi nane, hizo tano nne na hizo kumi nne. Streti yenye imekosa ya katikati inasaidiwa na nne tu, ni kama mara moja kwa kumi na mbili, na hiyo ndiyo imemaliza watu wengi huku mtaani.

Kuna mahali utalipa kidogo zaidi ya bei na bado uko sawa, kama unajua mwenzako ni yule hawezi kutupa na ukipata flashi atakulipa tena mkubwa. Lakini hiyo ni ya baadaye. Anza na hesabu ya hapo juu kwa miezi kadhaa, na uiandike kwa kidaftari cha madeni kama mimi nilivyofanya.

Kadi gani za kuanza nazo ni nzuri? Mimi hucheza zote juu huwezi jua flopu italeta nini.
Mwanafunzi, Maseno

Nyathina, kweli huwezi jua, lakini unaweza kukadiria. Eisi mbili ndio bora kabisa na zinakuja mara moja kwa 221. Jozi yoyote mkononi inakuja mara moja kwa 17. Kwa hivyo muda mwingi utapewa vitu vya kawaida, na vingi ni vya kutupa. Mtu anayeanza akicheza mikono kama 20 kwa kila 100 ametosheka: majozi, eisi na kadi kubwa mwenzake, kingi na kwini, na zile zinafuatana za alama moja kama nane-tisa wakati bei ni rahisi. Mbili na saba za alama tofauti ndio mbaya kuliko zote kwa meza iliyojaa, tupa bila kuangalia mara mbili.

Na usidanganywe na alama moja. Wanafunzi mnapenda sana hiyo, "lakini zilikuwa kopa zote". Ukiwa na mbili za alama moja, flopu itakupa flashi kamili kama mara moja kwa 119.

Kitu kikubwa kuliko kadi zenyewe ni mahali umekaa. Umewahi kwenda Dunga, pale ufukweni hapa Kisumu, asubuhi wakati maboti yanaingia? Mama mwenye uzoefu hatangulii kutaja bei ya mbuta. Anaacha wale wengine wataje, anasikia nani ana haraka, nani amebeba order ya hoteli, alafu ndio anasema yake. Mwenye kijiko anakaa hivyo hivyo, anaongea mwisho kwa flopu, tani na riva, ameshaona wote wamefanya nini. Kwa hivyo kadi yenye unatupa ukiwa wa kwanza kuongea, kwini na kumi kwa mfano, unaweza kuicheza ukiwa na kijiko na mbele yako watu wametupa. Ni kadi zile zile. Wazee wetu wakicheza ajua, yaani bao, chini ya mti wanajua hii kitu, mzee hashiki kokoto kabla hajahesabu mpaka shimo la mwisho litaanguka wapi na mwenzake atajibu na nini.

Na hata hizo eisi mbili, zikiwa na mtu mmoja na kadi zozote zinashinda kama mara 85 kwa 100, lakini ukiacha watu watano waingie bure na kadi zozote, unabaki na karibu nusu. Ndio maana ukipata kubwa unapandisha kabla ya flopu, unawatoa. Usifiche ati uwashtue baadaye.

Mwanangu wa miaka 19 anaujifunza huu mchezo na marafiki, na nasikia sehemu kubwa ni kudanganya. Mimi ni mtu wa kanisa, hii inanisumbua. Je, namfunza uongo?
Mama, Lanet

Mama, asante kwa kuuliza waziwazi. Blafu ni kuweka vifuniko kana kwamba una mkono mkubwa wakati huna, ili mwenzako atupe. Watu wote mezani wamekubali kabla ya kuanza kwamba kadi zimefichwa na kila mtu atajaribu kusoma mwenzake, kama vile mchezaji wa mpira anavyoyumbisha mwili kushoto aende kulia na hakuna anayemwita mwongo. Uongo ungekuwa kuficha kadi kwa mkono wa shati, ama kuangalia kadi za jirani, na hiyo kwetu tukikupata hutarudi tena.

Mimi ningemwangalia kwa mambo mawili. La kwanza wanachezea nini, kama ni vifuniko ama njugu au ni pesa ya fare. La pili anakasirika akishindwa ama anacheka na kuuliza alikosea wapi. Kama wanacheza kwako sebuleni na wewe unawapelekea chai, keti nao raundi mbili tatu, uone mwenyewe.

Na umwambie kutoka kwangu kwamba wanaoanza wanablafu kupita kiasi. Blafu ni hadithi, lazima iende sawa kutoka mwanzo. Ukifuata tu flopu, ukafuata tu tani, alafu riva imeleta mbili ya uru na wewe ghafla unasukuma vyote, hadithi yako haina kichwa, hakuna anayeamini. Na kuna watu hawatupi kamwe, mtu wa aina hiyo usimblafu hata siku moja, ngoja uwe na kadi nzuri umlipishe.

Anko, hii poka na ile pata potea ya kadi tatu pale stage ni kitu kimoja? Ilimaliza nauli yangu ya kurudi nyumbani.
Msafiri, Nakuru

Pole sana. Hapana, hata sio mchezo. Kwa pata potea kuna mtu mmoja anasukuma kadi tatu juu ya karatasi, na wale unaona wakishinda pembeni ni wenzake, yule anakunong'oneza ati "ni hiyo ya kati" ni mwenzake, na yule anapiga kelele polisi wanakuja wakati unadai ni mwenzake pia. Kadi inabadilishwa mkononi wakati inaangushwa, jicho haliwezi kuifuata. Hakuna hesabu hapo ya kujifunza. Ukiona duara la watu na karatasi ya boksi, shika begi yako upite upande ule mwingine.

Nimesoma kuhusu Chris Moneymaker, yule alilipa dola 86 akashinda mamilioni. Nina laki moja ya mkopo wa sacco na bando ya kutosha. Naweza kuacha kazi ya shamba nicheze poka kwa simu?
Kijana, Bungoma

Usiache. Nakuomba kama mdogo wangu.

Hiyo hadithi ni ya kweli, jamaa alikuwa mhasibu kule Tennessee, aliingia kwa shindano dogo la intaneti la dola 86, likampa nafasi ya shindano kubwa la Las Vegas ambalo wengine walilipa dola 10,000 kuingia, na mwaka 2003 akatoka na dola milioni 2.5. Lakini walioingia siku hiyo walikuwa 839. Mkubwa alikuwa mmoja, na wengi waliobaki walirudi nyumbani bila kitu.

Alafu kuna kitu hawakuelezi kwa matangazo. Kwa sebule yangu vifuniko vinazunguka tu, nikipoteza vimeenda kwa boda, Jumapili ijayo vimerudi. Kwa meza ya biashara mwenye meza anakata kidogo kwa kila poti. Kwa hivyo watu sita wakicheza sawa kabisa usiku mzima, wote sita wanaamka na pungufu. Kupata faida hapo lazima uwe bora kuliko wenzako kwa kiasi cha kufunika hiyo kata kwanza, na hata walio bora wanaweza kupoteza miezi kadhaa mfululizo wakicheza sawasawa, kadi zinakataa tu. Wana akiba ya kungoja. Laki ya mkopo haingoji, inadai kila mwezi.

Weka hiyo laki kwa mahindi yako. Poka jifunze, ni mchezo wa akili na naupenda sana, lakini jifunze kwa vifuniko, uandike kila raundi kubwa, ulipa ngapi kupata ngapi. Baada ya mwaka niandikie tena na hicho kidaftari mkononi, tuongee.

Swali fupi. Wawili wakiwa na jozi moja ya eisi, nani anachukua?
Dereva wa matatu, Busia

Mnaangalia kadi inayofuata kwa ukubwa ndani ya ile mikono ya tano. Wewe una eisi na kingi, mwenzako eisi na tisa, meza ina eisi, jeki, saba, nne na mbili. Wote mna jozi ya eisi, lakini kingi yako inashinda jeki ya meza, umechukua. Kama meza ingekuwa na jozi mbili za eisi na kingi, na kwini juu yake, na nyinyi wawili mmeshika takataka za chini, wote mngecheza zile tano za meza na poti inagawanywa nusu kwa nusu. Kifuniko kimoja kikizidi, anapewa aliye karibu na kijiko upande wa kushoto.